Jinsi ya kutaja kanda, santuri na diski kwenye katalogi ya maktaba

Tafuta sauti au picha kwenye katalogi za maktaba zetu nyingi, utakuta neno moja limebebeshwa mzigo wote: kanda. Kaseti ya mawaidha ni kanda. VHS ya mahafali ya shule ni kanda. Rili ya redio nayo ni kanda. Msomaji anaomba, mkutubi anamletea, halafu wote wawili wanasimama mezani wakitazama kitu kisichoingia kwenye mashine yoyote iliyopo. Jina lingeandikwa sawasawa tangu mwanzo, mkutubi angejua hayo kabla hajanyanyuka kitini.

Kuna jambo zito kuliko usumbufu huo. Mwaka 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilianzisha mradi wa kuitahadharisha dunia kuhusu mikanda ya sumaku, ile iliyomo kwenye kaseti na rili. Wataalamu walikuwa wametaja mwaka 2025 kama mwisho wa wakati mzuri wa kuihamishia kwenye kompyuta, kwa sababu mashine zake hazitengenezwi tena na vipuri vinaisha. Sasa tumeshaufikia mwaka huo. Maktaba yenye orodha inayosema "kanda 300" haiwezi hata kumuuliza fundi bei. Yenye orodha inayosema "rili za sauti 40, kaseti za video za U-matic 12, kaseti za VHS 248" inaweza kuanza kazi kesho.

Mwongozo huu ni wa mkutubi mwenye kabati la vitu hivyo, na pia wa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule au mtunza kumbukumbu wa kanisa au msikiti. Uwe na meza, mwanga wa kutosha, rula, penseli na mikono misafi mikavu.

Hatua ya 1: Usipige chochote kwanza

Hamu ya kwanza ni kuchomeka kaseti kwenye mashine usikie kuna nini. Jizuie. Mkanda uliokaa miaka 30 kwenye joto la Pwani unaweza kukatika ukivutwa ghafla. Tena mkanda wenye kuvu ukipita kwenye deki, deki hiyo itaiambukiza kila kaseti itakayofuata.

Chungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe au nyuzi nyeupe juu ya mkanda uliozungushwa, hiyo ni kuvu. Iweke peke yake mbali na nyingine na uandike hivyo. Filamu utaijua kwa pua. Kopo likinuka siki, plastiki ya filamu imeanza kuoza, na hewa yake huharakisha kuoza kwa filamu za jirani. Itenge siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Pima kwa rula, kisha taja

Karatasi zilizobandikwa juu hupotosha sana. Watu walirudisha kaseti kwenye makasha yasiyo yake, wakaandika juu ya maandishi ya zamani. Amini umbo na vipimo kwanza, maandishi baadaye.

*Kaseti ya sauti* ndiyo ile Philips waliyoitoa mwaka 1963, ikafika kila kijiji pamoja na redio kaseti. Ganda lake lina sentimita 10 kwa 6.4 hivi, na mkanda wa ndani una upana wa karibu milimita 4. Alama C60 au C90 ni jumla ya dakika za pande zote mbili: C60 ina dakika 30 kila upande. Tazama pia vile vijino viwili vya plastiki mgongoni. Vikiwa vimevunjwa, mwenyewe alitaka rekodi isifutwe. Usizibe matundu hayo kwa selotepu.

*Video8 na Hi8*, kaseti za kamera za mkononi za miaka ya 1980 na 1990, ndizo zinazowaponyoka wengi. Zina sentimita 9.5 kwa 6.3 hivi, kwa hiyo ukipita haraka utazitupa kwenye boksi la kaseti za sauti. Angalia ukingo: mkanda wa kaseti ya sauti unaonekana na kuguswa, lakini wa Video8 umefichwa nyuma ya kifuniko chenye bawaba, na ganda lake ni nene zaidi kidogo. *MiniDV*, iliyoanza mwaka 1995, ni ndogo kabisa, sentimita 6.6 kwa 4.8.

*VHS*, iliyotolewa na JVC mwaka 1976, ina sentimita 18.7 kwa 10.2 na mkanda wa milimita 12.7. *U-matic* ni kubwa kuliko hiyo, kama sentimita 22 kwa 14, na mkanda wake una upana wa karibu milimita 19. *Betamax* ya mwaka 1975 ni ndogo kuliko VHS, sentimita 15.6 kwa 9.6, na hapa kuna mtego mwingine: kaseti ndogo ya *Betacam*, iliyotumiwa na vituo vya televisheni kuanzia miaka ya 1980, ina ganda la ukubwa huo huo. Mashine zake ni tofauti kabisa na haziwezi kubadilishana. Kwa vipimo hivi rula haitoshi. Soma jina lililochapwa kwenye plastiki na kwenye karatasi ya kiwandani.

Asili ya mzigo nayo husaidia. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, na ilianza na rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. U-matic na Betacam kwa kawaida hutoka kwenye kituo au idara iliyokuwa ikipiga picha kikazi, na VHS hutoka nyumbani, darasani, kwenye kibanda cha video au kwa mpiga picha za harusi. Boksi la wizara lenye kaseti unazodhani ni Betamax litazame mara mbili.

*Rili*. Neno hili peke yake halitoshi kwenye katalogi, kwa sababu mkanda wa sauti na filamu vyote huzungushwa kwenye rili. Inua ncha yake kwenye mwanga. Mkanda wa sauti ni wa kahawia au mweusi, haupitishi picha na hauna matundu pembeni. Upana wake wa kawaida ni milimita 6.35. Andika "rili ya mkanda wa sauti". Ukiona vipicha na matundu, hiyo ni "rili ya filamu". Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwenye rili za sauti miaka ya 1960, 1970 na 1980, kwa hiyo mkutubi anayepokea mzigo wa mtangazaji mstaafu ajiandae kukutana nazo.

*Filamu* hupimwa upana: milimita 35 ya majumba ya sinema, 16 ya elimu na magari ya sinema, 8 na Super 8 za familia. Nane na Super 8 zina upana sawa, ila matundu ya Super 8, iliyotoka mwaka 1965, ni madogo na yameachia picha nafasi kubwa zaidi. Ukipata milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950 iliyoanza kunata au kugeuka unga wa kahawia, simama hapo. Huenda ni filamu ya nitreti, ambayo hushika moto kwa urahisi mno na hauzimiki kwa maji. Ifunike, iondoe kwenye jua na uwapigie simu Nyaraka za Taifa kabla hujaigusa tena.

*Santuri* ni jina zuri, lina wenyewe, lihifadhi. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, kazi yao ilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika: nzito, ngumu, zinazovunjika kama sahani, nyingi zikiwa na kipenyo cha sentimita 25 na dakika tatu hivi kila upande. Santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ ilianza mwaka 1948 na ina sentimita 30. Ya mizunguko 45 ilifuata mwaka 1949 ikiwa na sentimita 17.5 hivi. Zote ni santuri, lakini mizunguko lazima iandikwe, maana sindano ya gramafoni ya 78 si ya nyingine hizo. Itakwangua mifereji ya santuri ndefu mara moja, na haitarudi.

Hatua ya 3: Diski zote ni sentimita 12, kwa hiyo rula iweke pembeni

CD, VCD, DVD na Blu-ray zina kipenyo kimoja. Soma nembo karibu na tundu la katikati. Kama ni ya kuchoma nyumbani na haina nembo, tazama ukingo wake dhidi ya dirisha: DVD ni bamba mbili nyembamba zilizogundishwa, na ukiangalia vizuri utaona mstari katikati ya unene wake. CD ni plastiki moja.

Jibu la uhakika liko ndani. Iweke kwenye kompyuta, ufungue folda bila kupiga kitu. Majina kama Track01.cda ni CD ya sauti. Folda iitwayo MPEGAV ni VCD. Iitwayo VIDEO_TS ni DVD ya video. Ukikuta orodha ya faili za MP3, hiyo si "CD ya muziki" kwa maana ya katalogi. Ni diski ya kompyuta yenye faili za sauti. Redio ya zamani ya CD haitaisoma, na msomaji mwenye redio hiyo anastahili kuambiwa kabla hajaiazima. Diski za mawaidha ya Ramadhani na za kwaya zilizouzwa barabarani ziko nyingi za aina hii.

VCD iandike kwa jina lake, usiigeuze kuwa DVD kwa kuwa jina hilo limezoeleka. Inabeba takriban dakika 74, ndiyo sababu filamu nyingi zilitoka kwa diski mbili. Ukiorodhesha ya kwanza tu, msomaji atapata nusu ya hadithi. Andika "VCD 2" na ukague kama zote mbili zimo.

DVD za dukani zina pia namba ya ukanda wa dunia. Afrika Mashariki iko ukanda wa 5. Diski iliyoletwa kutoka Marekani huwa ya 1, ya Uingereza 2. Namba hiyo imo nyuma ya kasha ndani ya mchoro wa tufe. Iandike.

Hatua ya 4: Jiulize maswali matatu, usiyachanganye

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo "kanda" ilipotuharibia. Kila kitu kina majibu matatu:

Kuna nini ndani? Muziki, maneno ya kusemwa, picha jongefu, data.
Kinahitaji mashine ya namna gani? Ya sauti, ya video, projekta, kompyuta, au hakihitaji mashine.
Kimebebwa na nini? Kaseti, rili, santuri, diski, flashi.

Kanuni za kuorodhesha ziitwazo AACR2, za mwaka 1978, ziliruhusu neno moja la jumla kando ya anwani (jina la kazi), lililochanganya yote hayo. Kanuni mpya za RDA zilizotoka mwaka 2010 zililiondoa na kuweka maeneo matatu, ambayo kwenye rekodi za MARC (muundo wa rekodi za katalogi kwenye kompyuta) ni 336 kwa maudhui, 337 kwa mashine na 338 kwa kibebeo. Kama maktaba yako inatumia Koha, programu ya katalogi, maeneo hayo tayari yamo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyajaza kwa usahihi. Kama unatumia daftari au jedwali la kompyuta, chora safu tatu. Ni kazi ile ile.

Angalia "filamu" inavyonyooka. Hadithi ya filamu iliyomo kwenye DVD: maudhui ni picha jongefu, mashine ni video, kibebeo ni diski ya video. Hadithi hiyo hiyo kwenye milimita 16: maudhui hayabadiliki, mashine ni projekta, kibebeo ni rili ya filamu. Anayetafuta hadithi anazipata zote mbili, na anayepanga vifaa vya ukumbi anaona tofauti.

Hivi ndivyo ingizo la kaseti moja isiyo na maandishi ya kiwandani linavyoweza kuonekana:

Anwani: [Taarabu ya harusi, Pangani]
Maudhui: muziki uliopigwa
Mashine: sauti
Kibebeo: kaseti ya sauti
Ukubwa: kaseti ya sauti 1 (kama dakika 55), analogi, mono, ganda la C60
Tarehe ya tukio: 1986, kwa mujibu wa maandishi ya mkono kwenye kasha
Hali: vijino vimevunjwa, hakuna kuvu, haijapigwa wala kuhamishwa

Mabano ya mraba yanasema kwamba anwani imetungwa na mkutubi. Huo ni uaminifu mdogo wenye faida kubwa: atakayekuja baadaye atajua asitafute jina hilo kwenye kaseti. Dakika 55 nazo ni makadirio ya kutazama mkanda ulivyojaa, ndiyo maana pana neno "kama".

Hatua ya 5: Namba zinazoambatana na jina

Kwenye rili ya sauti, mwendo ndio unaoamua urefu wa rekodi. Rili ya sentimita 18 yenye mkanda wa mita 365 hutoa dakika 32 kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, na dakika 64 kwa mwendo wa 9.5. Fundi asiyejua mwendo atakadiria vibaya muda na bei. Mara nyingi mwendo umeandikwa kwenye boksi. Kama haupo, acha pawe wazi.

Kwenye video ya analogi andika mfumo wa rangi. Tanzania, Kenya na Uganda tulitumia PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Kaseti iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani ni NTSC, yenye mistari 525. Iliyotoka Ufaransa na nchi kadhaa zilizofuata mfumo wake ni SECAM. Ukiiweka kwenye deki ya PAL tupu utaona picha bila rangi na kudhani imeharibika. Kuhusu alama za VHS tupu: E-180 ni dakika 180 kwa PAL, T-120 ni dakika 120 kwa NTSC. Lakini alama hiyo inaeleza mkanda uliouzwa. Mfumo uliotumika kurekodi unaweza kuwa mwingine, hivyo usihukumu kwa alama peke yake.

Kwa CD, aina na idadi zinatosha. Usijichoshe.

Hatua ya 6: Tarehe ngapi?

Taarabu ilipigwa mwaka 1974. Ikanakiliwa kutoka rili kwenda kaseti mwaka 1988. Ikahamishiwa kwenye kompyuta mwaka 2015. Ukiandika "2015" peke yake, umemnyima mtafiti miaka 41. Weka tarehe ya tukio, ya kibebeo na ya uhamishaji kila moja mahali pake, na useme ipi ni nakala mama na ipi ni nakala ya kusikiliza. Nakala mama haiazimwi. Ikibidi kuisimamia hiyo kwa ukali mbele ya mkubwa wa ofisi, isimamie.

Hatua ya 7: Faili nazo zina majina

Flashi ni kibebeo. MP3 ni muundo wa faili. Kesho faili itahamia kwenye diski kuu, na kibebeo kitabadilika bila muundo kubadilika, kwa hiyo usiandike "flashi ya MP3" kama kitu kimoja.

Kwa sauti inayohamishwa kutoka mkanda, IASA inashauri WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya kilohezi 48 na biti 24 kama kiwango cha chini. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho hula gigabaiti 1 hivi. MP3 ya kilobiti 128 kwa saa hiyo hiyo ni megabaiti 58. Ndiyo maana fundi mwenye haraka hukuletea MP3 peke yake. Mdai WAV iwe nakala mama, MP3 iwe ya kusikiliza.

MP4 ni kasha, na ndani yake picha inaweza kuwa imebanwa kwa njia mbalimbali, H.264 ikiwa ndiyo ya kawaida. Programu ya bure ya MediaInfo itakuonyesha kasha, kodeki (yaani njia iliyotumika kubana), ukubwa wa picha na muda. Nakili hayo manne.

Hatua ya 8: Orodha moja ya majina kwa wote

Andikeni orodha ya majina mliyokubaliana, ukurasa mmoja, ibandikwe kwenye meza ya kuorodhesha. Maktaba yenye wafanyakazi watatu bila orodha itakuwa na "mkanda wa video", "kaseti ya video" na "kanda ya VHS" kwa kitu kimoja, na utafutaji hautazikutanisha.

Halafu wakumbukeni wasomaji, maana wao hawataacha kusema wanavyosema nyumbani. Wekeni maelekezo: Kanda za video, tazama Kaseti za VHS, tazama pia Kaseti za Betamax. Muvi, tazama Picha jongefu. Sidii, tazama CD. Rekodi za gramafoni, tazama Santuri. Bibi anayeuliza santuri za marehemu mumewe na kijana anayeuliza muvi wote wafike kwenye rafu wanayoitaka.

Hatua ya 9: Usichokitambua

Kitabaki kitu, hasa kwenye mizigo ya redio na wizara. Usikibahatishie jina. Andika "kaseti ya sumaku, aina haijatambuliwa", weka vipimo vitatu vya ganda na upana wa mkanda, maandishi yote ya kiwandani hata kama huyaelewi, na picha mbili: uso na ukingo. Kipe namba ya muda inayoanza na herufi moja mliyoichagua, ili vyote vya namna hiyo vipatikane kwa utafutaji mmoja fundi akija. Kibaki nje ya kila mashine mpaka siku hiyo.